Unga wa Itobela

Masolwa alipofikishwa wodini, hospitali ya Tabora, akiwa amebebwa juu ya kitanda cha kamba, Batuli binti Yahaya alikuwa amekwisha kupima damu za watu watatu kutoka Itobela, kijiji cha mgonjwa huyo, katika wiki hiyo hiyo, na zote tatu zilikuwa zimemkosesha raha. Huyu wa nne akamwondolea shaka. Huko Itobela kulikuwa na jambo.

Ilikuwa Agosti, mwaka sabini na tano. Itobela kilikuwa kijiji kipya cha Ujamaa kaskazini ya Tabora, kando ya ile njia ya zamani ya misafara, na watu wake walikuwa wamehamishiwa hapo mwaka mmoja nyuma na kupangiwa nyumba kwa mistari. Batuli alikuwa mtoto wa Isevya, mtaa wa Tabora mjini, umri wake miaka ishirini na sita. Kazi ya maabara aliisomea Dar es Salaam kwa miaka mitatu, kisha akarudishwa kwao kuifanya. Alikuwa mpole wa maneno na mkali wa kazi. Kioo cha damu kikiletwa kichafu alikirudisha, hata kama aliyekileta ni daktari.

Wagonjwa wa Itobela walieleza jambo moja. Maumivu chini ya chembe cha moyo, yanakaza mpaka mtu anajikunja, yanaachia kidogo, kisha yanarudi. Kichefuchefu kila wakila. Ladha ya chuma mdomoni. Choo kugoma siku nne, siku tano. Halafu uchovu, kiasi kwamba mtu akiinua jembe mara kumi anatafuta mahali pa kukaa. Batuli alipozipima damu zao alikuta ya kwanza ni asilimia hamsini ya kiwango cha kawaida, ya pili arobaini na nane, ya tatu hamsini na tano. Ya Masolwa ilikuwa arobaini na moja, naye alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na nane ambaye msimu uliopita alilima ekari tatu za tumbaku kwa mikono yake.

Dk. Modest, aliyekuwa na wodi ya wanaume, alikuwa mtu wa Bukoba, mtaratibu, hapendi kukisia. Yule mgonjwa wa kwanza alimdhania vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kidogo kidogo. Wa pili na wa tatu walipokuja na dalili zile zile akafikiria safura, kwa kuwa watu wa vijijini hutembea pekupeku na minyoo hiyo hunyonya damu. Kwa Masolwa, aliyekonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana, alihofia uvimbe ndani ya tumbo. Batuli akapima choo cha wote wanne mara mbili. Hakuona mayai ya safura. Akatafuta damu iliyojificha kwenye choo, hakuipata. Malaria hawakuwa nayo.

Daktari alisimama mlangoni pa maabara na karatasi za majibu mkononi. Alisema kama damu haitoki tumboni, na hakuna mnyoo wala malaria anayeila, basi ni lazima waseme inapotelea wapi, kwa sababu yeye hawezi kuwapa watu dawa ya vidonda ambavyo huenda hawana.

Batuli akarudi kwenye darubini. Alitandaza damu ya Masolwa juu ya kioo, akaipaka rangi, akaitazama. Ndani ya chembe nyekundu kulikuwa na vitone vya buluu, vidogo sana, kama vimenyunyiziwa. Alidhani ni uchafu wa rangi. Akachuja rangi upya, akaosha vioo kwa spiriti, akaanza tena. Vitone vilikuwa pale pale, tena vilikuwa ndani ya chembe, havikuelea nje yake. Akatoa vioo vya wale watatu kutoka kwenye sanduku. Navyo vilikuwa hivyo hivyo. Siku za kwanza alikuwa amevipita haraka akitafuta malaria.

Aliwahi kuviona vitone vile mara moja, Dar es Salaam, katika damu ya mtu aliyekuwa akivunja betri kuukuu za magari. Mwalimu wao aliwapanga mstari ili kila mmoja achungulie, akawaambia hiyo ni kazi ya madini ya risasi, yakiingia mwilini kidogo kidogo hukaa, huchoma tumbo na kuharibu damu.

Alimwita daktari. Dk. Modest aliinama juu ya darubini kwa muda mrefu, kisha wakaenda pamoja wodini. Akamwomba Masolwa afungue mdomo, akauvuta mdomo wa chini kwa kidole. Kwenye ufizi, pale unapokutana na meno, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya buluu iliyokoza, karibu na nyeusi.

Batuli akashika chuma cha kitanda. Mstari ule aliujua. Alikuwa ameuona tangu utotoni kila baba yake alipocheka, na siku zote alidhani ni tumbaku.

Baba yake, Mzee Yahaya, alikuwa fundi bati wa Isevya. Alichomelea ndoo, makarai na matangi, akayeyusha risasi ya betri kwenye kikaango cha chuma nyuma ya nyumba, kama baba yake alivyofanya kabla yake. Tumbo lilikuwa likimsumbua kwa miaka, naye alilinyamazisha kwa tangawizi na magadi. Hilo lilikuwa la nyumbani. Batuli alijiambia kwamba halina uhusiano na watu wa Itobela, ambao hakuna hata mmoja aliyegusa betri. Daktari alimuuliza Masolwa juu ya betri, rangi za kupaka, mabomba, dawa za tumbaku. Kila kitu alijibu hapana.

Aliyekuwa na neno ni mkewe, Amne, aliyekaa sakafuni na bakuli la uji. Alisema kijijini wanamjua anayewatesa. Ni bibi mmoja anaitwa Kashindye, mjane, anayekaa nyumba ya mwisho ya mstari wa tatu pamoja na mjukuu wake. Kijiji kizima kinaumwa tumbo, yeye na mjukuu wake hawaumwi. Wiki mbili zilizopita Ngollo, mdogo wake Masolwa, alifiwa na mtoto wake wa miaka mitatu baada ya degedege la siku mbili. Baada ya matanga Ngollo alisimama mbele ya watu akamtaja bibi huyo kwa jina. Wamempa mpaka Ijumaa awe ameondoka, na akiwepo bado, Ngollo na wenzake wamesema watajua la kufanya.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Batuli alikaa sakafuni karibu na Amne. Alimuuliza bibi huyo anakula nini. Amne akasema ugali, kama watu wote. Mahindi gani? Haya haya ya njano ya msaada ambayo kila kaya iligawiwa baada ya ukame. Maji je? Kisima ni kimoja. Chumvi, duka la kijiji. Amne akafikiri kidogo, akaongeza kwamba labda tofauti ni moja tu, kwamba Kashindye hapeleki mahindi mashineni. Tangu walipohamia anasaga kwa jiwe lake mwenyewe, nyumbani, na watu walikuwa wakimcheka. Anasema unga wa mashine unanuka moto.

"Mashine yenu ni ya namna gani?" Batuli aliuliza.

"Ya mawe. Ilikuwa ya Mhindi mmoja zamani, kijiji kikapewa. Ilivunjika mwezi wa nne, ikatengenezwa."

"Na nani?"

Amne alisema jina halijui. Ni mzee mmoja mwembamba kutoka mjini, mkono wake wa kushoto umepungukiwa na kidole kidogo. Alikuja kwa lori la chama, akafanya kazi siku mbili, na malipo alikataa. Mwenyekiti alimpigia makofi mbele ya watu.

Batuli aliinuka, akasema asante, akaenda nje nyuma ya jengo la maabara na kusimama palipokuwa na kivuli. Kidole kile cha baba yake kilikatwa na mkasi wa bati mwaka aliozaliwa yeye.

Batuli alimweleza daktari habari ya mashine na ya bibi, lakini habari ya fundi hakuigusa. Alimsikia akisema kwamba hilo ndilo jambo lenyewe, kwamba mtu ameweka risasi mahali kwenye mawe yale na inasagika pamoja na mahindi. Unga wenyewe Tabora hakuna wa kuupima, lazima upelekwe Dar es Salaam, na majibu yatachukua mwezi. Ila hawangoji mwezi. Kesho wataomba gari na petroli waende. Batuli aliitikia kila neno. Jioni, alipofunga maabara, alikwenda moja kwa moja nyumbani.

Alimkuta baba yake uani, amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, anachomelea mpini wa birika. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akavuta kigoda. Hakujua aanzie wapi, basi akaanza na damu. Alimweleza vitone, mstari wa ufizi, mtoto wa miaka mitatu aliyekufa, mashine. Mzee Yahaya aliendelea na birika lake mpaka lilipokwisha, akaliweka chini, akaondoa miwani.

Hakukana. Alieleza kama mtu anayeeleza kazi yoyote aliyoifanya. Jiwe la juu lilikuwa limepasuka kuzunguka chuma cha katikati, na chuma kilikuwa kinacheza. Aliyeyusha betri sita, akamimina risasi kushika chuma, na iliyobaki akajazia mashimo ya jiwe. Ndivyo alivyofundishwa. Amekula, amekunywa na kulala karibu na risasi miaka arobaini, na yuko hai.

"Baba, wewe nawe unaumwa."

"Naumwa uzee."

"Uzee haupaki ufizi rangi."

Mzee aliivaa tena miwani. Kisha sauti yake ikashuka. Alisema yeye alikwenda Itobela kwa sababu kila siku redio inasema kila mtu achangie alichonacho, naye alichonacho ni mikono. Hakuchukua hata nauli. Na sasa mwanawe anamwambia kwamba ameua mtoto. Akauliza kama Batuli anajua watu wa vijiji vya Ujamaa wanamwita nini mtu aliyeharibu mali ya kijiji. Wanamwita mhujumu. Fundi mmoja upande wa Igunga alifunga pampu vibaya, akachukuliwa, na mpaka leo mkewe hajui alipo.

"Semeni mashine ni mbovu," alisema. "Isimamishwe. Watu watapona. Jina langu litasaidia nini?"

Batuli alikuwa amelifikiria hilo njia nzima kutoka kazini, na kweli lilimvutia. Lingekuwa jepesi. Lakini alimwona bibi asiyemjua amekaa kwenye nyumba ya mwisho ya mstari wa tatu.

"Wakiambiwa mashine ina sumu, watauliza nani kaitia," alijibu. "Na mtu wao wanaye tayari. Watasema bibi aliiloga, ndiyo maana yeye hasagi mashineni."

Adhana ya magharibi ilisikika, Mzee Yahaya akachukua kopo la maji kutawadha, akatoka kwenda msikitini. Aliporudi alikula kidogo, akaingia chumbani kwake. Baba na binti hawakusemezana tena, na asubuhi Batuli alipotoka mlango wa baba yake ulikuwa bado umefungwa.

Alhamisi ilipotea bure. Gari la afya lilikuwepo, petroli haikuwepo. Dk. Modest alishinda akizunguka ofisi hadi ofisi na karatasi ya kibali, na aliporudi saa kumi alikuwa na galoni nne na ahadi. Wodini Masolwa alikuwa ameanza kushindwa kuinua kiganja cha mkono wa kulia. Kikombe kilimponyoka kikamwaga chai kifuani, akakitazama tu. Amne alimuuliza Batuli kama mumewe atapona, na Batuli akasema watajitahidi.

Ijumaa saa moja asubuhi, Batuli alipofika penye gari, baba yake alikuwa amesimama hapo. Amevaa kanzu safi na kofia, mkoba wa vyuma vya kazi uko begani. Ilikuwa siku ambayo hajawahi kukosa msikitini tangu Batuli apate akili. Alimsalimia daktari kwa heshima, akamwambia yeye ndiye fundi wa ile mashine, na kama kuna nafasi anaomba apande.

Dk. Modest alimtazama mzee, kisha akamtazama Batuli. Aliona usoni mwake kwamba alikuwa akijua. Hakumkaripia. Alifungua mlango wa nyuma, akasema nafasi ipo.

Njiani hawakuzungumza sana. Vumbi liliingia kila mahali. Mara mbili Mzee Yahaya aliomba gari lisimame, akashuka, akatapika kando ya barabara, akapangusa midomo na kupanda tena, na daktari akawa anamwangalia kwa kioo.

Walipokaribia Itobela walisikia kelele kabla hawajaona watu. Mbele ya ofisi ya kijiji kulikuwa na umati, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na vijana sita wa mgambo na marungu. Katikati, chini, alikaa bibi kizee mwenye kaniki, miguu ameinyoosha, pembeni yake furushi na sufuria. Mtoto wa kike wa miaka kama saba alikuwa amemng'ang'ania mkono. Mwisho wa mstari wa tatu nyumba moja ilikuwa imeezuliwa, nyasi zake zimetupwa uani.

Batuli alimwendea kwanza huyo bibi. Alipiga goti akamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," na Kashindye akamwitikia kwa sauti ya kawaida kabisa, akamuuliza wametoka mbali? Watu waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza kuona mtu wa hospitali amepiga goti hapo.

Mwenyekiti wa kijiji, Bundala, alikuja haraka. Alikuwa mtu mzima mwenye shati la kijani la chama, na mtu angeona kwamba usiku uliopita hakulala. Daktari alimweleza faragha, kisha akaeleza mbele ya wote. Aliposema tumboni mwao mna risasi, wanaume wa nyuma wakaguna, mmoja akauliza ni nani aliyewapiga. Batuli akafafanua kwa Kinyamwezi kwamba si risasi ya bunduki, ni kile chuma cheupe laini cha ndani ya betri, na kwamba kimo katika unga, na unga umekipata mashineni.

Bundala akakataa. Mashine ile ilizinduliwa na viongozi wa wilaya. Picha ilipigwa. Hawezi kuruhusu ifunguliwe bila barua kutoka wilayani, na kama daktari ana barua aionyeshe. Daktari hakuwa nayo. Ngollo, kijana mrefu mwenye macho mekundu, akapaza sauti kwamba bibi ana watetezi wake mjini, amewapa kitu. Mgambo wawili wakamsogelea Kashindye. Yule mtoto akaanza kulia.

Mzee Yahaya hakuomba ruhusa ya mtu. Alipita kando ya umati, akaingia kwenye kibanda cha mashine, na kabla Bundala hajafika alikuwa amekwisha kufungua boliti ya kwanza. Mgambo mmoja alimshika bega. Mzee alimwambia, bila kugeuka, kwamba boliti hizi amezifunga yeye mwenyewe mwezi wa nne, na anazifungua yeye. Kijana akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amemtambua fundi wake, na hakusema neno.

Ilichukua muda. Watu walijazana mlangoni mpaka kibanda kikawa giza, ikabidi waambiwe warudi nyuma. Wanaume wanne wakasaidia kulipindua jiwe la juu na kulivuta nje kwenye mwanga. Mzee Yahaya akapiga magoti, akafuta unga kwa kanzu yake. Kuzunguka chuma, palipokuwa pamejazwa, kulikuwa na bonde linalong'aa, kina chake nusu ya kidole. Mashimo mengine yalikuwa yamebaki matupu.

"Njooni muone," alisema. Alikuwa akisema na Bundala, lakini wote walisikia. "Nilijaza mpaka usawa wa jiwe. Nilipitisha kiganja, kilikuwa sawa kama meza. Imepungua hivi."

"Imekwenda wapi?" Bundala aliuliza.

"Mmeila."

Wanawake walikuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu ndio waliopeleka mahindi. Mmoja alikaa chini ghafla akashika kichwa.

Ngollo alipenya mpaka mbele. Alikuwa na jembe mkononi, na Batuli alijikuta amesimama kati yake na baba yake bila kukumbuka alivyofika hapo. Ngollo hakumwona. Alikuwa akimtazama mzee aliyepiga magoti.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Mwanangu alikuwa na miaka mitatu."

"Nimeambiwa," alisema Mzee Yahaya. "Sikujua, lakini mkono ni huu." Akauinua ule wa kushoto, wenye vidole vinne. "Huyo bibi hana kosa lolote. Mwacheni."

Ngollo aliutazama mkono ule, jembe lake likiwa bado mkononi. Kisha alilitupa chini, akageuka, akaondoka kuelekea mashambani, na hakuna aliyemfuata.

Bundala akaamuru fundi apelekwe ofisini na alindwe mpaka polisi waje. Daktari alijaribu kuzungumza, akaambiwa hayo ni ya serikali. Batuli alimwona baba yake akipangusa vyuma vyake kimoja kimoja na kuvirudisha mkobani kabla ya kuondoka nao.

Kazi ya mchana huo ikawa ya unga. Daktari alisema wote umwagwe na kufukiwa. Ilikuwa vigumu kuliko alivyodhani. Mwaka uliopita watu hawa walikula mizizi, na sasa walitakiwa kumwaga debe zima shimoni. Baadhi walileta vikapu wenyewe, wengine walificha, na Batuli alipita nyumba kwa nyumba akiwaonyesha akina mama ufizi wa watoto wao wenyewe kwa mwanga wa mlangoni. Hapo hawakubishana tena. Alitoa damu ya watoto ishirini na watatu. Kumi na saba walikuwa na vitone.

Kashindye aliombwa abaki. Mwenyekiti mwenyewe alimwambia nyumba itaezekwa upya na kijiji, na watu waliokuwa wamemzunguka asubuhi walisimama mbali wakitazama chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kaka yake yuko Nzega na anamngoja, akamnyanyua mjukuu, na gari la afya likawachukua mpaka barabara kuu.

Mzee Yahaya alikaa mahabusu siku kumi na tisa. Dk. Modest aliandika barua mbili, ya kwanza haikujibiwa, ya pili ilijibiwa, akaachiliwa bila kushtakiwa. Alirudi Isevya ndevu zimekuwa nyeupe zote. Batuli alimpeleka maabara siku ya pili yake, akamchoma kidole, akatazama. Damu ilikuwa asilimia arobaini na sita na vitone vyake vilikuwa vingi kuliko vya Masolwa. Alimwita baba yake achungulie. Mzee alitazama kwa jicho moja, akauliza hivyo vya buluu ndivyo? Akaambiwa ndivyo. Jioni ile alikizika kikaango chake uani, na kuanzia hapo alichukua kazi za kufuli na baiskeli tu.

Dawa ya sindano ilifika kutoka Dar es Salaam mwezi wa tisa, lakini haikutosha. Daktari aliwapa watoto kwanza, kisha Masolwa. Watoto wengi walinenepa tena kabla ya mvua. Wawili hawakurudi kuwa walivyokuwa, walichelewa kusema na mmoja hakusikia vizuri. Masolwa alirudi kwake mwezi wa kumi. Tumbo lilikuwa limetulia na damu imepanda, ila kiganja cha kulia kiliendelea kuning'inia, na jembe akawa analishika kwa kulifunga kitambaa.

Mwezi huo huo Mzee Yahaya alimwomba Batuli amsindikize Itobela. Walikwenda kwa basi la Nzega, wakatembea kutoka barabarani. Watu waliwaona wakipita, wengine waliwaamkia, wengine waliingia ndani.

Ngollo alikuwa uani akichambua karanga pamoja na mkewe. Alipowaona alisimama. Batuli alifikiri atawafukuza, na baba yake pengine alifikiri hivyo pia, maana alisimama mbali, nje ya ua, akasubiri. Mke ndiye aliyeleta vigoda viwili. Wakakaa. Mzee Yahaya alisema alichokuja kusema, kwa Kinyamwezi, maneno machache ya kuomba radhi.

Ngollo alimuuliza kama ni kweli kwamba naye amekuwa akiumwa tumbo hilo hilo miaka yote. Mzee akasema ni kweli.

"Linaumaje?" Ngollo aliuliza. "Mwanangu hakuweza kusema. Alikuwa akilia tu na kushika hapa."

Mzee Yahaya aliweka mkono chini ya chembe cha moyo wake, akamweleza. Alimweleza polepole, bila kupunguza, yanavyoanza na yanavyokaza, na kwamba yanaachia, kuna wakati yanaachia kabisa na mtu analala. Ngollo alisikiliza huku akitazama karanga. Mkewe alikuwa ameacha kuchambua.

Ngollo hakusema amesamehe, wala mzee hakuuliza. Walipoaga, Ngollo aliwasindikiza mpaka mwisho wa mstari wa nyumba, akasimama hapo mpaka walipofika barabarani.